Mwajiri na afya yako ya akili: useme nini, lini na kwa nani unapotafuta kazi

Mtu anayeishi na sonona, wasiwasi uliopitiliza, bipola (hali ya kuyumba kati ya msisimko mkali na huzuni nzito) au skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini yasiyo ya kweli) huanza kutafuta kazi akiwa na mzigo ambao waombaji wenzake hawana. Wenzake wanawaza watajibu nini siku ya usaili. Yeye anawaza pia kama aseme au anyamaze. Akisema, huenda jina lake likakatwa kabla hajaonyesha uwezo wake. Akinyamaza, huenda akazidiwa kazini na asiwepo hata mtu mmoja anayejua la kufanya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Huna deni la kumsimulia mwajiri historia ya ugonjwa wako. Anachohitaji kujua, tena pale tu unapotaka kitu kutoka kwake, ni kipi kibadilike ili ufanye kazi vizuri. Anza na hitaji. Jina la ugonjwa mara nyingi laweza kubaki kwako na kwa daktari wako.

Wapo watakaokukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na ukiwa kliniki usifiche hata chembe. Lakini mwajiri hakutibu, na hana kiapo cha kitabibu cha kukutunzia siri. Usimpe nafasi ya daktari.

Na usidhani uko peke yako kwenye foleni hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima wa umri wa kufanya kazi waliokuwa na tatizo la afya ya akili walikuwa asilimia 15. Maana yake, karibu kila ofisi, karakana au shule utakayoomba kazi tayari ina watu wa hali kama yako, na wanafanya kazi.

Hatua ya 1: Zungumza na anayekutibu kabla ya kutuma maombi

Watu wengi huruka hatua hii, kisha hujikuta kwenye usaili wakishindwa kujibu swali rahisi kama "unaweza kufanya kazi za zamu?" Nenda kwa daktari au mshauri wako ukiwa na maswali mahususi.

Muulize ni mazingira gani ya kazi yanaweza kukurudisha nyuma. Kwa mwenye bipola, kukosa usingizi kunaweza kuamsha kipindi cha msisimko mkali, kwa hiyo kazi ya zamu za usiku, au zamu zinazobadilika kila wiki, inahitaji kufikiriwa sana kabla ya kuiomba. Kwa mwenye sonona, saa za asubuhi huweza kuwa ngumu kuliko jioni. Mwenye hofu ya ghafla anaweza kumudu kazi yoyote ya ofisini ilimradi aweze kutoka nje dakika chache shambulio linapokuja. Shambulio la namna hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua.

Muulize kuhusu dawa pia. Baadhi ya dawa za kutuliza saikosisi, yaani kusikia au kuamini yasiyokuwepo, huacha uzito na usingizi asubuhi. Anayetumia lithiamu, dawa ya bipola, hupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo atahitaji ruhusa ya kwenda kliniki. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana vizuri, na ndiyo sababu si busara kubadilisha dozi wiki ileile unayoanza kazi mpya, isipokuwa daktari ameona hakuna budi. Kuacha dawa kwa siri ili "usionekane mgonjwa" kazini ni hatari. Tafadhali usifanye hivyo.

Ukitoka hapo, chukua karatasi na uandike orodha mbili. Moja ni ya dalili za mwanzo zinazoonyesha hali inaanza kuharibika: kulala vibaya siku tatu mfululizo, kushindwa kujibu ujumbe, kukasirika haraka. Nyingine ni ya vitu vinavyokusaidia kufanya kazi. Hii ya pili ndiyo utakayoitumia baadaye kwa mwajiri. Ile ya kwanza ni yako.

Ikiwa kwa sasa una mawazo ya kujidhuru, au unasikia sauti zinazokutawala, weka maombi ya kazi kando na utafute matibabu leo. Kazi zitatangazwa tena.

Hatua ya 2: Soma tangazo la kazi ukiwa na orodha yako mkononi

Tangazo husema mengi kuliko linavyokusudia. "Uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" ni maneno yanayobandikwa karibu kila mahali, usiyaogope peke yake. Yatazame zaidi haya: malengo ya mauzo ya kila wiki, kupatikana kwa simu saa zote, safari za mara kwa mara, kufanya kazi peke yako usiku. Hayo ndiyo yatakayoamua maisha yako ya kila siku.

Mengine yaulize kwa njia ya kawaida, bila kugusa ugonjwa. "Siku ya kawaida ya kazi hii inakuwaje?" "Ratiba ya zamu hutolewa muda gani kabla?" "Msimamizi na mfanyakazi hukutana mara ngapi kuzungumzia kazi?" Kila mwombaji makini huuliza hivyo. Majibu yatakuonyesha pia kama mahali hapo panasikiliza watu.

Hatua ya 3: Jua sheria inasemaje unapoishi

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unahesabu pia matatizo ya akili ya muda mrefu yanayomzuia mtu kushiriki sawa na wengine katika jamii. Ibara yake ya 27 inakataza ubaguzi kuanzia kwenye kuajiri, na inazitaka nchi zihakikishe mfanyakazi anapata marekebisho yanayofaa mahali pa kazi. Nchi nyingi zimeuridhia, ila nguvu yake kwako inategemea sheria ya nchi yenyewe.

Sheria hizo hutofautiana sana. Nchini Marekani, sheria ya ulemavu ya mwaka 1990 inawabana waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi: hawaruhusiwi kuuliza habari za ugonjwa kabla ya kutoa ofa ya kazi, na taarifa za afya wanazopata lazima zitunzwe kwa siri, mbali na faili la kawaida la mfanyakazi. Uingereza, kwa sheria ya usawa ya mwaka 2010, nayo inazuia maswali mengi ya afya kabla ya ofa. Kenya, kupitia Sheria ya Ajira ya 2007, na Tanzania, kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinataja ulemavu miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo kazini.

Tafuta majibu ya maswali matatu katika sheria ya kwako. Je, inatambua tatizo la akili kama ulemavu, na kwa masharti gani? Je, mwajiri anaruhusiwa kuuliza, na wakati gani? Je, ulinzi unaanza pale tu mwajiri anapojua hali yako? Swali la tatu ndilo zito. Katika nchi nyingi mwajiri hawezi kulaumiwa kwa kutokukupa marekebisho ambayo hukuwahi kuyaomba. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema, na ndiyo inayofanya ukimya wa moja kwa moja usiwe salama kama unavyoonekana. Chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi au kituo cha msaada wa kisheria wanaweza kukueleza bila wewe kutaja mwajiri yeyote.

Hatua ya 4: Wasifu na lile pengo

Kwenye wasifu na barua ya maombi, usitaje ugonjwa. Hapo unachujwa na mtu ambaye hajakuona wala kukusikia, naye anatafuta sababu ya kupunguza rundo la karatasi. Isipokuwa moja: kazi ambayo uzoefu wa kuishi na tatizo la akili ni sifa inayotakiwa, kama vile kusaidia wagonjwa wenzako, au nafasi zilizotengwa kwa watu wenye ulemavu.

Kuhusu miezi au miaka ambayo hukufanya kazi, wasiwasi wa waombaji huwa mkubwa kuliko wa wasaili. Watu huacha kazi kulea watoto, kuuguza wazazi, kusoma, kuanzisha biashara. Ukiandika miaka bila miezi, pengo fupi halionekani, na si uongo. Pengo refu lipe mstari mmoja wa kweli: "2021–2022: mapumziko kwa sababu za kifamilia na kiafya." Kama kipindi hicho ulijitolea, ulisoma kozi au ulifanya vibarua, andika.

Usitunge kampuni ambayo hukuifanyia kazi. Uongo wa maandishi ukigundulika miaka miwili baadaye unaweza kukufukuzisha kazi, na hapo sheria ya ulemavu haitakutetea.

Pitia pia kurasa zako za mitandao ya kijamii kabla ya kutuma ombi la kwanza. Ulichoandika usiku mmoja mgumu, kikiwa wazi kwa kila mtu, kimeshakusemea kabla hujaamua.

Hatua ya 5: Fomu za afya

Fomu hizi huja za aina tofauti na zisichanganywe. Ya takwimu, inayouliza kama una ulemavu ili taasisi ijue inaajiri watu gani, kwa kawaida ni ya hiari na huwa na nafasi ya "sipendi kusema". Ya uchunguzi wa afya, inayokuja baada ya ofa, huulizwa na daktari au muuguzi wa mwajiri. Ya tatu ni ya bima. Hapo kuficha ugonjwa kunaweza kuifanya bima ikatae kukulipia siku unapougua.

Ukiulizwa kihalali, kwa maandishi, usiandike "hapana" wakati jibu ni "ndiyo". Unaweza kuomba kuzungumza na daktari wa kampuni moja kwa moja, na kumwomba ampe mwajiri hitimisho tu: anaweza kufanya kazi hii, au anaweza kwa marekebisho haya. Ukiwa na barua fupi ya daktari wako inayosema hivyohivyo, mambo huwa mepesi.

Kuna kazi ambazo usalama wa watu wengine hubadilisha hesabu: urubani, udereva wa magari makubwa na ya abiria, kushika silaha, mashine hatari. Huko wajibu wa kueleza mara nyingi umo kwenye leseni yenyewe. Tii kanuni hizo hata kama zinauma.

Hatua ya 6: Usaili

Nenda ukiwa umejiandaa kwa swali la pengo na swali la udhaifu. La kwanza lijibu kwa sentensi mbili, kisha rudi kwenye kazi:

"Nilikuwa na tatizo la kiafya lililohitaji muda, na limeshughulikiwa. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitunza hesabu za kikundi chetu cha akiba, na ndiyo maana nafasi hii imenivutia."

Fanya mazoezi ya jibu hilo kwa sauti, na mtu unayemwamini, mpaka litoke bila kutetemeka. Ukilimaliza, nyamaza. Wengi huharibu hapa: wanaona ukimya wa msaili, wanadhani hajaridhika, wanaanza kujieleza hadi kufika kwenye siku waliyolazwa.

Msaili akiuliza moja kwa moja, "umewahi kuwa na matatizo ya akili?", una njia zaidi ya moja. Unaweza kurudisha swali kwenye kazi: "Hakuna kitu kitakachonizuia kutimiza majukumu tuliyoyazungumza leo." Jibu hilo liseme tu ikiwa ni kweli. Au unaweza kuuliza kwa upole, "Swali hilo linahusianaje na majukumu ya nafasi hii?" Ukitoka, andika swali lilivyoulizwa, nani aliuliza na saa ngapi.

Kama unahitaji kitu ili uweze kufanya usaili wenyewe, omba mapema. Kupewa maswali kwa maandishi, chumba chenye watu wachache, au muda wa ziada kwenye mtihani ni maombi ya kawaida, na hayahitaji zaidi ya "kwa sababu za kiafya".

Hatua ya 7: Chagua wakati wa kusema

Kwa maoni yangu, wakati bora kwa walio wengi ni baada ya kupata ofa ya maandishi na kabla ya kuanza kazi, kama kuna marekebisho unayoyahitaji tangu siku ya kwanza. Tayari wamekuchagua kwa uwezo wako. Ofa ikifutwa ghafla siku mbili baada ya wewe kueleza, sababu itakuwa vigumu kuificha.

Kama huhitaji chochote kwa sasa, unaweza kusubiri. Jipe muda wa kuwasoma watu. Sikiliza wanavyomzungumzia mwenzao aliye kwenye likizo ya ugonjwa. Hapo utajua watakavyokuzungumzia wewe. Lakini angalia kipindi cha majaribio. Mara nyingi ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi huwa mdogo katika miezi hiyo, hivyo wengine huamua kukimaliza kwanza.

Wakati mbaya kuliko yote ni baada ya mambo kuharibika: umekosa kazini siku nne, umepewa barua ya onyo, umeitwa kikaoni. Hata hapo ni heri kusema kuliko kukaa kimya, ila maneno yako yataonekana kama kisingizio. Ndiyo sababu nakuomba urudie ile orodha ya dalili za mwanzo. Ukiziona mbili au tatu zinajitokeza, usingoje barua ya onyo. Omba kukutana na msimamizi wiki hiyohiyo.

Hatua ya 8: Nani aambiwe, na kwa maneno gani

Penye idara ya rasilimali watu, anza huko. Wao ndio wenye utaratibu wa kutunza taarifa, na wanaweza kumwelekeza msimamizi wako nini kibadilike bila kumwambia kwa nini. Penye ofisi ndogo yenye bosi mmoja, huyo ndiye wa kuambiwa, na faragha. Mwenzako wa meza ya jirani, hata awe mwema namna gani, asiwe wa kwanza. Siri ikitoka kwake itamfikia bosi ikiwa imeongezwa chumvi.

Maneno yafuate mpangilio huu: uwezo, hali kwa jumla, ombi, faida. Kwa mfano:

"Nafurahia kazi hii na naimudu. Nina hali ya kiafya ya muda mrefu ambayo inadhibitiwa kwa matibabu. Dawa ninayotumia usiku huniacha mzito asubuhi, kwa hiyo naomba kuanza saa tatu badala ya saa mbili, na jioni nitabaki saa moja zaidi. Kwa mpango huo nitakuwa makini siku nzima."

Hakuna jina la ugonjwa, hakuna kuomba radhi. Akiuliza ni ugonjwa gani, unaweza kujibu: "Daktari wangu yuko tayari kuandika barua kuhusu mahitaji yangu kazini. Maelezo mengine ningependa yabaki kati yangu na yeye." Yapo mazingira ambapo kutaja jina kutakusaidia, hasa pale sheria inapodai uthibitisho. Hapo taja, lakini eleza kwako wewe linaonekanaje. Kichwani mwa asiyejua, neno skizofrenia lina picha za kutisha ambazo hazina uhusiano na mtu anayekunywa dawa zake na kufika kazini kwa wakati.

Marekebisho unayoweza kuomba mengi hayagharimu kitu: kazi kugawiwa kwa maandishi badala ya maneno ya haraka koridoni, kikao kifupi na msimamizi kila wiki, ruhusa ya kwenda kliniki, kutopangiwa zamu za usiku, meza mbali na kelele, kurudi kazini kidogokidogo baada ya likizo ya ugonjwa. Omba mawili au matatu yaliyo muhimu. Ukiorodhesha kumi, yote yatasikika kama hayawezekani.

Hatua ya 9: Baada ya mazungumzo

Siku hiyohiyo tuma barua pepe fupi: "Asante kwa muda wako leo. Kama tulivyokubaliana, kuanzia Jumatatu nitaanza kazi saa tatu, na tutaangalia mpango huu tena baada ya mwezi mmoja. Naomba taarifa hizi zibaki kati yako na idara ya rasilimali watu." Hifadhi nakala mahali ambapo si kompyuta ya kazini. Kikao cha baada ya mwezi usiache kipite, hata kama kila kitu kinaenda vizuri.

Ukiona wanaanza kukuonea huruma na kukunyang'anya kazi za maana, sema mapema. Ni ubaguzi wa polepole, na hufanywa na watu wenye nia njema. "Nashukuru kwa kunijali, ila naomba nirudishiwe ule mradi. Nikizidiwa nitakuambia mwenyewe."

Hatua ya 10: Ikiwa wamekugeuka

Ofa imefutwa, umehamishwa, au siri yako imekuwa hadithi ya chai. Usijiuzulu kwa hasira siku hiyo. Kujiuzulu mara nyingi hudhoofisha madai yako. Panga tarehe, barua na majina ya mashahidi. Lalamika kwanza ndani kwa maandishi, kisha nenda kwenye chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Na uangalie kalenda, kwa sababu malalamiko yana mwisho wake. Tanzania, anayepinga kuachishwa kazi hutakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Marekani, muda wa kawaida wa kupeleka lalamiko la ubaguzi kwenye tume ya serikali ni siku 180, na huongezwa katika baadhi ya majimbo. Mtu aliyeumizwa hivi anaweza kulala wiki nzima asitake kuona karatasi, na siku zinahesabika. Ukiona huwezi, mpe ndugu au rafiki nyaraka zako akufungulie lalamiko au akusindikize, na siku hiyohiyo mpigie anayekutibu umwambie yaliyokupata.